Mwalimu Akikosekana, Mapigo Yasikosekane

Askari anayetamani kujifunza gitaa la flamenko, muziki wa Andalusia huko kusini mwa Hispania, hukabiliwa na kikwazo kikubwa kimoja: mwalimu hapatikani. Aghalabu gitaa hutundikwa ukutani likashika vumbi, na saa za mapumziko baada ya zamu zikapotea bure. Sisi twaona kwamba uhaba huo ni tatizo la kweli, lakini si sababu ya kukata tamaa.

Yafaa ifahamike kwanza jinsi Wahispania wenyewe walivyojifunza. Kwa vizazi vingi flamenko haikutegemea vitabu wala nota. Ilirithishwa nyumbani na katika mikusanyiko, hasa miongoni mwa jamaa za Wagitano, kwa sikio na kwa jicho. Paco de Lucía, aliyezaliwa Algeciras mwaka 1947, alianzia nyumbani kwa baba yake. Lakini Sabicas, aliyezaliwa mwaka 1912 huko Pamplona, kaskazini, mbali na Andalusia, alijifunza kwa sehemu kubwa peke yake, akawa mmoja wa wapigaji mashuhuri wa karne ile. Katika miaka ya 1960, wageni, wakiwemo Wamarekani wengi, walimwendea Diego del Gastor katika mji wa Morón de la Frontera. Walimrekodi kwa tepurekoda, na kanda zao zikasaidia kuueneza mtindo wake hata ng'ambo.

Ni dhahiri basi kwamba rekodi yaweza kushika sehemu ya nafasi ya mwalimu. Hata hivyo, haishiki nafasi yote. Leo simu ya mkononi humwonyesha mwanafunzi vidole vya bingwa, tena polepole apendavyo. Lakini rekodi haimwambii kwamba kifundo cha mkono wake kimekakamaa. Arudiaye kosa mara mia hulizoea, na mkono uliokazwa mno waweza kuumia. Kwa hiyo hatukubaliani na wanaodai kwamba simu yatosha, wala na wanaosema kwamba pasipo mwalimu mtu asianze.

Njia tunayoipendekeza ni kuanza na mapigo. Katika soleá, mzunguko mmoja una mapigo 12, na mkazo huangukia pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Askari aliyezoea paredi atapotea mwanzoni, maana mguu wake huhesabu mbili: kushoto, kulia. Lakini nidhamu ya kuhesabu anayo tayari. Wenzake wawili na wapige makofi, naye apige gitaa. Akiteleza, makofi yatamfichua papo hapo. Wenzake hao hawahitaji kujua gitaa hata kidogo. Huo ndio ualimu uwezao kupatikana katika kila kambi na kila kituo. Huko Andalusia nako mpigaji hukomaa kwa kuwasindikiza waimbaji na wachezaji, si kwa kujifungia chumbani.

Baadaye ndipo yafuate mafunzo ya mkono wa kulia: kidole gumba, kisha kuchapa nyuzi kwa kucha, kidole baada ya kidole. Nusu saa kila siku, polepole, ni bora kuliko usiku mzima mara moja kwa mwezi. Gitaa na liwe la nyuzi za nailoni, kwani za chuma hula kucha. Aidha, mwanafunzi apatapo likizo na amtafute mwalimu wa gitaa la kiklasiki, hata kama mwalimu huyo hajui flamenko, aukague mkaao wa mikono yake. Somo moja la namna hiyo laweza kuzuia madhara ya miaka.

Twawaomba pia wakuu wa kambi na vituo watenge chumba kimoja kwa jioni moja ya wiki. Penye bendi ya jeshi au ya polisi, mpiga ngoma na awafunze wenzake kuhesabu. Gharama yake ni ndogo, na faida yake ni askari aliyetulia, mwenye la kufanya saa za mapumziko zaidi ya kukaa kilabuni.

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Anayengoja mwalimu afike kambini aweza kungoja hadi astaafu. Aanzaye leo kwa makofi ya wenzake, siku mwalimu atakapopatikana, atamkuta tayari njiani.