Nyumba Inayokula Pensheni

Mtu akishapokea kiinua mgongo, washauri hawakosekani. Fundi ana lake, shemeji ana lake, na kila mmoja ana picha ya nyumba kwenye simu. Mashauri mengine niliyafuata mwenyewe, na nikaumia.

"Joto la Pwani dawa yake kiyoyozi." Nilipojenga Kibaha niliambiwa hivyo. Sebule ikatazama magharibi kwa kuwa barabara iko huko, madirisha yakawa ya aluminiamu, yale ya kusukuma, na upenu ukakatwa ili nyumba ionekane ya kisasa. Saa kumi jioni jua linaingia hadi kwenye kochi. Saa nne usiku ukiweka kiganja ukutani, ukuta bado una moto wa mchana. Na dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu. Nusu nyingine ni kioo juu ya kioo. Hapo kiyoyozi kinatibu ugonjwa ulioletwa na ramani. Huku kwetu, nyuzi kama 7 kusini mwa Ikweta, jua la mchana hupita karibu na utosi, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini zinakingwa na upenu wa mita moja. Za mashariki na magharibi hupigwa usoni. Nyumba ilazwe mashariki na magharibi, ubavu mrefu ndio upokee kusi na kaskazi. Pangaboi hula wati 70 hivi, kiyoyozi kidogo kinakaribia 1,000. Tofauti hiyo utaisoma kwenye mita ya umeme ya Luku.

"Basi funga sola, umeme utakuwa wa bure." Kiyoyozi cha usiku kinataka betri kubwa, na betri ndiyo hufa mapema. Punguza matumizi kwanza, ndipo ununue mtambo mdogo.

"Tofali la udongo ni umaskini." Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza matofali ya kufungamana kwa miaka mingi: udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine, hayachomwi kwa kuni. Udongo mweusi wa mfinyanzi ndio haufai, hapo wenye shaka wana haki.

"Maji ya mvua hayafiki popote." Bati la mita za mraba 100 hukinga lita 100 kwa kila milimita ya mvua. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Hata robo ikipotea, unabaki na lita 75,000. Kinachokosekana ni mifereji na tangi.

"Jenga vyumba sita, wajukuu watakuja." Watakuja Desemba, siku kumi. Miezi iliyobaki utavifagilia popo na mchwa. Fedha hiyo ingetengeneza bafu lisiloteleza, lisilo na kizingiti, lenye mlango wa sentimita 90, maana magoti hayastaafu pamoja na mwenyewe, yalianza zamani.

Mwarobaini nilioupanda magharibi sasa umefika usawa wa dirisha. Mke wangu bado anahamisha kochi kila saa kumi.