TUPIMWE, TUSIKADIRIWE KWA MACHO

Ndugu wanaushirika, na wanakijiji wote wa Kabwe,

Mnunuzi akija mwaloni akatazama gunia la dagaa na kusema, "Hizi kilo ishirini tu, chukua hela yako," hakuna mvuvi atakayekubali. Tutamwambia weka mizani hapa, tuone wote. Ushirika ni kwa ajili hiyo hasa, kukataa kukadiriwa kwa macho. Lakini mvuvi huyo huyo akienda kutibiwa, akaambiwa bila hata kuguswa, "Huna kitu wewe, malaria tu hiyo, nenda kapumzike," anajibu "Ahsante daktari," anarudi nyumbani na maumivu yake. Je, miili yetu ina thamani ndogo kuliko dagaa?

Ubao wa leo unasema wazi: mganga anayemfukuza mgonjwa bila kumsikiliza na bila kumpima, huyo hajatibu. Na mgonjwa anayeuliza hajakosa adabu. Anadai haki yake.

Wapo watakaosema, "Daktari kasoma, sisi hatukusoma, tutamfundisha kazi?" Hapana, ndugu. Hatumfundishi. Yeye anajua dawa, lakini maumivu anayajua mwenye nayo. Mama ndiye anayejua kwamba mtoto hanyonyi tangu jana. Mjamzito ndiye anayejua kwamba kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, na hizo zaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba, ugonjwa unaoua. Mganga akiyakata maneno hayo katikati, amekitupa kipimo cha kwanza, kipimo kisichotaka umeme wala fedha.

Tusidhani haya ni masimulizi ya mwaloni tu. Mwaka 2004 watafiti walitoa hesabu ya wagonjwa waliolazwa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya nchi yetu. Wagonjwa 4,474 walitibiwa kama watu wenye malaria kali. Damu ilipochunguzwa vizuri, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 2,062 tu, yaani chini ya nusu! Katika wale 2,412 wasiokuwa na vijidudu walikufa 292, kama watu 12 katika kila 100. Katika wenye malaria kweli walikufa 142, kama watu 7 katika kila 100. Maana yake, neno "malaria tu" lilifunika magonjwa mengine, na waliofunikwa ndio waliokufa zaidi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Siku hizi kipimo ni tone la damu kidoleni, na majibu hutoka kabla ugali haujaiva. Sasa ya nini kukisia?

Na tusidhani makosa ni ya vijijini peke yake. Mwezi Novemba 2007, Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa. Mwenye shida ya goti akapasuliwa kichwa, mwenye shida ya kichwa akapasuliwa goti. Kama yalitokea kwa mabingwa, mwanakijiji akiuliza "Mnanitibu nini?" asiitwe mjuaji.

Wazee wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Tuliambiwa tuchimbe vyoo, tuchemshe maji, tufyeke majani. Wananchi walisikiliza, wakatenda. Miaka miwili kabla yake, Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umewakataza viongozi majivuno na dharau kwa wananchi. Na Katiba ya nchi ya 1977, Ibara ya 12, inataka utu wa kila mtu uheshimiwe. Ibara ya 14 inatoa haki ya kuishi. Basi kusikiliza kusiwe kazi ya mwananchi peke yake. Mwenye koti jeupe naye asikilize.

Tuseme na haki ya upande wa pili. Waganga na wauguzi ni wachache. Mmoja anakesha na mzazi, asubuhi anakuta foleni mpaka nje. Dawa zinakwisha, na yeye ndiye anayetukanwa. Tunalijua hilo, na anayekwenda zahanati kugombana au amelewa tunamlaani. Lakini uchache wa watumishi si kibali cha kumwambia mama mtu mzima, "Unajifanya unaumwa." Kama dawa hakuna, aseme hakuna. Kama hajui, aandike rufaa. Hiyo si aibu. Aibu ni kumrudisha mtu afie njiani.

Basi tufanye hivi:

1. Mgonjwa asiende peke yake. Aende na ndugu au jirani wa kusikia na kukumbuka.

2. Tueleze kwa mpango: ulianza lini, unauma wapi, dawa gani umekwisha kunywa, hata za miti shamba. Tusifiche.

3. Tuulize: Nina nini? Umepima nini? Nirudi lini, na nikiona dalili gani nisingoje? Mwenye kikohozi cha wiki mbili aombe apimwe kifua kikuu.

4. Ukiambiwa "huna kitu", omba kwa heshima yaandikwe kwenye daftari lako: ulichoeleza, alichopima, alichoona. Maneno hupotea, maandishi hubaki.

5. Ukizidiwa, omba rufaa. Kirando ni kwa boti, Namanyere ni kupanda mlima, nauli ni kubwa. Kwa hiyo mapema ni nafuu kuliko usiku wa manane.

6. Ukidharauliwa, usipige kelele, wala usinyamaze. Anza kwa mganga mfawidhi, kisha kamati ya zahanati, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya. Kosa kubwa la daktari lina Baraza la Madaktari Tanganyika. La muuguzi au mkunga lina Baraza la Uuguzi na Ukunga. Sheria ziliyaweka mabaraza hayo yasikie wananchi pia.

Na hapa tujiulize wenyewe: nani kati yetu anawajua wajumbe wa kamati ya zahanati? Tunapendekeza mkutano ujao wa kijiji wasimame tuwaone, majina yao yabandikwe kwenye ubao huu, na kila robo mwaka watueleze malalamiko mangapi yamefika na yamejibiwa vipi. Kamati isiyojulikana ni sawa na mizani iliyofungiwa stoo.

Dagaa tunapima. Watu nao wapimwe.

Uliyesoma, msomee asiyejua kusoma.