"Kukusanya" si jibu la kila kitu

Waandishi wa programu wenzangu, hebu niwaulize: "glean" ni nini kwa Kiswahili?

Juzi nilikuwa natafsiri taarifa ya faragha ya programu moja ya simu. Kiingereza kilisema kwamba habari "gleaned" kutokana na matumizi yako huhifadhiwa. Nikaandika "zilizokusanywa", nikasonga mbele. Usiku ikanijia kwamba nimempotosha msomaji. Ukimwambia mtu umekusanya habari zake, anafikiria fomu: jina, namba ya kitambulisho, kajaza kwa mkono wake. Hapa hakujaza lolote. Programu ilitazama saa anazofungua simu na mahali alipo, ikaunga vipande mpaka ikajua anakolala.

Asili ya neno lenyewe ni shambani. Ni kuokota masuke yaliyobaki nyuma ya wavunaji, kazi aliyoifanya Ruthu katika shamba la Boazi. Kwetu viazi vikishachimbwa, watoto huingia kuokoteza vile vidogo vilivyosahaulika. Basi neno tunalo: kuokoteza. (Kudunduiza pia kunakaribia, lakini hilo nawaachia wanaoweka akiba ya senti.)

Shida ni kwamba neno ni la upole mno. Anayeokoteza ni maskini, tena Ruthu aliomba ruhusa kwanza. Huko Uingereza, mwaka 1788, katika kesi ya Steel na Houghton, mahakama iliamua kwamba hakuna haki ya jumla ya kuokota masazo katika shamba la mwingine. Leo kampuni yenye seva chungu nzima inajiita mwokotaji! Afadhali hata "scrape": ukisema tovuti imekwanguliwa kama ukoko wa sufuria, kila mtu anaelewa kilichotendeka.

Na si suala la lugha tu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 28, inataka data ya mtu ichukuliwe kwake mwenyewe moja kwa moja, isipokuwa katika hali zilizotajwa. Mtu atakubali au kukataa vipi jambo ambalo kitenzi kimemfichia?

Mwishowe niliandika: "habari tunazozipata kwa kufuatilia unavyotumia programu hii." Mteja akalalamika kwamba Kiswahili changu kinatisha watu. Nikamjibu kwamba Kiingereza chake ndicho kilichokuwa kikiwabembeleza. Mpaka sasa hajaniandikia tena.