Kisa cha bibi na akili ya mashine

Limo swali katika nyumba nyingi hivi leo: mtoto anapopewa na mwalimu kazi ya kutunga kisa, je, yafaa aachiwe kuiuliza akili mnemba impe wazo la kuanzia? Wako wazazi wanaokataa katakata, na wako waliolegeza mkono kabisa. Sisi tunaona kwamba wote wameharakisha kuhukumu.

Mwaka 2024 watafiti wawili wa vyuo vikuu vya Uingereza, Anil Doshi na Oliver Hauser, walitoa matokeo ya jaribio lao katika jarida la Science Advances. Watu wapatao 300 walitakiwa kutunga visa vya sentensi nane. Baadhi yao waliandika kwa fikra zao tu, wengine wakaruhusiwa kuiomba mashine wazo moja, na kundi la tatu hadi mawazo matano. Kisha wasomaji 600 wakavipima visa hivyo.

Naam, mashine ilisaidia. Walionufaika zaidi ni wale wenye kipaji dhaifu, ilhali wenye kipaji kikubwa hawakuongezewa jambo la kutajika. Lakini visa vilipolinganishwa kimoja kwa kingine, vile vilivyotokana na mawazo ya mashine vilifanana zaidi. Yaani kila mmoja peke yake alipata faida, na jamii nzima ikapata hasara. Hapo ndipo ilipo khofu yetu.

Sababu yake haifichikani. Mashine hii hupanga neno baada ya neno kwa kufuata yale yaelekeayo kufuatana katika maandishi iliyolishwa, na mengi ya hayo ni ya Kiingereza. Sisi tuliijaribu mara tatu, tukiiomba kisa cha bibi na mjukuu wa pwani. Mara zote bibi aliketi chini ya mbuyu akitoa hekima. Hakutafuna tambuu hata siku moja, hakugombana na jirani kwa ajili ya kuku, wala hakumtuma mjukuu dukani akakope sukari. Bibi huyo wa kweli anajulikana nyumbani tu.

Hatusemi mashine ipigwe marufuku, la hasha. Mtoto aanze kwa kalamu yake, na akikwama ndipo aulize. Kijana mmoja wa kwetu tulimtaka afute kila wazo alilokwisha kulisikia kwingine. Kati ya matano alifuta manne, na la tano akaligeuza: mbuyu ukawa baraza ya duka, na bibi akawa anadaiwa.