Mfuko wa Nauli ya Mgonjwa

Katika kijiji kimoja ninachokihudumia yuko mzee aliyepatwa na mshtuko wa moyo akipalilia mahindi. Kifua kilimbana kama amewekewa gunia juu yake. Maumivu yakashuka mkono wa kushoto. Kijasho chembamba kikamtoka. Mshipa unaopeleka damu kwenye nyama ya moyo ulikuwa umeziba. Nyama hiyo ikikosa damu hufa. Kwa hiyo ukiona dalili hizo, usingoje kesho. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja.

Mzee alipona kwa sababu majirani walichanga fedha za gari siku ile ile. Sasa anameza dawa kila siku, ameacha sigara na amepunguza chumvi. Jembe hajalishika bado. Daktari alimwambia atembee, aanze kidogo kidogo.

Basi mzee anatembea na daftari. Kila asubuhi hupita nyumba mbili tatu, akichangisha mfuko wa nauli za wagonjwa. Anayetoa shilingi 500 huandikwa. Anayetoa debe la mahindi huandikwa. Kila mmoja husoma jina lake mwenyewe kabla mzee hajaondoka. Hilo limenifurahisha kuliko yote, maana mtu asiyeona jina lake hatoi mara ya pili. Fedha zinatunzwa na watu watatu, na hesabu husomwa kwenye mkutano wa kijiji.

Mwezi uliopita mfuko ulilipa gari la mama mjamzito hadi hospitali ya wilaya. Amerudi na mtoto. Mumewe ameahidi madebe mawili tukishavuna.