Kanuni za Lori Zipo, za Mgongo Wetu Ziko Wapi?

Ndugu wafanyakazi, sisi wa viwanda vya chai Uganda hatuipingi kompyuta. Chai yetu huuzwa mnadani Mombasa, na tangu 2020 mnada wenyewe huendeshwa kwa kompyuta. Sasa hata ghalani ndiyo inayopanga magunia yapi yapakiwe, lori gani, saa ngapi. Lakini kompyuta hufuata kanuni za mwajiri tu. Imeambiwa lori kubwa na mzigo wake lisizidi tani 56. Mzigo wa mpakiaji haikuambiwa. Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani, la 1967, lataja kilo 55 kwa mwanamume mmoja. Tudai kanuni hiyo iandikwe kwanza katika mkataba wa hali bora, ndipo iingizwe mashineni. Umoja ni nguvu!