Njia ya Miguu Isiwe Njia ya Maji



Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza upande wa Kitui, watoto hupita mbio kando ya mashamba yetu. Wengine wawahi shule, wengine wajifunza mbio kwa ajili ya mashindano. Gizani huwaoni vizuri, lakini wasikia miguu yao ikishuka kilima, na mbwa wako akibweka nyuma yao. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya miguu hiyo na njia inayoipita. Mkulima mwenye shamba la kilimani ana mambo mawili tu ya kuchagua: ama aitengeneze njia yeye mwenyewe, ama ayaachie maji yaitengeneze.

Nianze na kosa langu. Shamba letu, ambalo marehemu baba alipewa wakati wa kugawiwa ardhi, liko ubavuni mwa kilima, si mbali sana na Wote. Tangu zamani ilikuwako njia iliyoshuka moja kwa moja kutoka juu hadi mtoni. Watoto waliipenda kwa kuwa ni fupi. Lakini kila mvua iliponyesha, njia ilizidi kuchimbika, mpaka ikawa mfereji wa kumfika mtu magotini. Nilikasirika. Nikaifunga kwa miiba na waya, nikadhani shauri limekwisha.

Watoto hawakuacha kwenda shule. Walipenya ua pahali pengine, wakawa wanaruka kutoka tuta hadi tuta, pale pale kila siku, mpaka majani niliyopanda kwenye kingo yakafa. Mvua ya Novemba ilipofika, maji yalikuta mlango umekwisha funguliwa. Usiku mmoja tuta la juu lilipasuka, likaliangukia la pili, na la pili likaliangukia la tatu. Asubuhi nilikuta mahindi yangu machanga yamekwenda mtoni, pamoja na samadi niliyoibeba mwezi mzima kutoka zizini. Nilianza kuwalaumu watoto. Jirani yangu, mzee wa miaka mingi, akaniambia: "Wewe ulifunga njia ya miguu, ukafungua njia ya maji." Sikuwa na jibu.

Wazee wetu walipokuja kukaa Makueni baada ya Vita Kuu ya Pili, hapa palikuwa pori la mbung'o na faru. Kati ya mwaka wa 1944 na 1946 mwindaji wa serikali, J. A. Hunter, aliua faru karibu 1,000 ili nchi hii ipate kulimwa. Njia za kwanza zilikuwa za wanyama. Za pili zilikuwa za wazee wetu, waliokwenda kwa miguu kutafuta maji, soko na jamaa. Kisha wakaamriwa wachimbe matuta. Wengi walichukia kazi hiyo kwa sababu ilikuwa ya kulazimishwa. Lakini ile ya fanya juu, ya kuchimba mfereji na kutupa udongo upande wa juu, wakulima wa Ukambani waliifanya kuwa yao wenyewe, hata leo yajulikana kwa jina hilo hilo la Kiswahili katika nchi nyingi za nje. Basi itakuwa aibu kubwa kama sisi, watoto wa watu wa matuta, tutashindwa na njia ya upana wa hatua moja.

Yafaa tufanye nini? Nitaeleza nilivyofanya baada ya hasara ile.

Kwanza, niliacha ile njia ya kushuka moja kwa moja. Nilipima njia mpya kwa kipimo kile kile nilichopimia matuta, nikaipitisha upande upande, ikipanda polepole, kisha ikageuka kuelekea upande wa pili. Ni ndefu kidogo kuliko ile ya kale, lakini mtoto aweza kuikimbia yote bila kusimama, na bibi mwenye kuni mgongoni aweza kuipanda bila kuhema.

Pili, sikuipitisha juu ya kingo za matuta wala ndani ya mfereji. Ukingo ukikanyagwa kila siku hubomoka, na mfereji ni wa maji. Niliiweka kwenye ukanda wa mpakani. Pale inapolazimika kuvuka tuta, niliweka mawe mapana kama ngazi, nikayashindilia vizuri, na kando yake nikapanda majani ya kushika udongo.

Tatu, kila baada ya hatua kadha nilichimba mfereji mdogo wa mshazari unaokata njia na kuyatoa maji pembeni, kwenye majani. Maji yakitolewa mapema, yakiwa machache, hayana nguvu. Yakiachwa yakusanyike mpaka chini, hayasikii la mtu. Mifereji hii yataka kuzibuliwa kabla ya mvua za Oktoba na tena kabla ya mvua za Machi.

Nne, ile njia ya kale niliijaza kwa vizuizi vya mawe na matawi ili ishike udongo, nikapanda majani ndani. Usidhani njia mbovu hujiponya yenyewe. Ukiiacha, huwa korongo, na korongo halijui mpaka wa shamba lako na la jirani.

Kazi yote ilituchukua majuma mawili, mimi na majirani watatu. Hatukununua kitu ila chakula cha mchana. Mvua mbili zimepita tangu wakati huo, na matuta yamesimama.

Najua baadhi yenu mtasema: "Shamba ni langu. Kwa nini niwape wakimbiaji udongo wangu?" Swali hili ni la haki, na lapasa kujibiwa.

Jibu la kwanza ni usalama wa watoto. Njia za mashambani zikifungwa, watakimbilia wapi? Watakimbilia barabara ya lami, gizani, kati ya pikipiki na magari yaendayo Machakos au Makindu. Hakuna mzazi kati yetu apendaye hivyo. Tena udongo ni mwepesi kwa magoti kuliko lami, na kilima hujenga mapafu na mapaja kuliko tambarare.

Jibu la pili ni kwamba mbio si mchezo wa bure katika nchi hii. Watu wengi hudhani wakimbiaji wa Kenya hutoka Bonde la Ufa peke yake. Wamesahau Ukambani. Benson Masya wa Kitui alishinda mbio za kwanza za dunia za nusu marathoni, huko Uingereza mwaka wa 1992. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda marathoni ya Boston, Marekani, miaka mitatu mfululizo: 1993, 1994 na 1995, na Boston ni njia ya vilima. Patrick Makau, naye pia wa Machakos, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka wa 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Rekodi hiyo ilidumu miaka miwili. Sisemi kila mtoto apitaye shambani kwako atakuwa Makau. Nasema hujui ni yupi, na wewe ndiye mwenye ufunguo wa njia yake.

Jibu la tatu ni biashara, nalo nalisema kwa tahadhari. Ulaya ziko nchi za vilima zilimwazo mizabibu ya kutengenezea divai, na watu husafiri mbali kwenda kukimbia katikati ya mashamba hayo. Huko Médoc, Ufaransa, tangu mwaka wa 1985 kuna marathoni ipitayo kati ya mizabibu, na maelfu ya wakimbiaji huonjeshwa divai njiani. Huko Lavaux, Uswisi, mizabibu imepandwa kwenye matuta ya mawe juu ya ziwa, matuta ambayo watawa walianza kuyajenga karibu miaka 900 iliyopita. Wageni huenda kwa miguu katika vijia vilivyopita matutani, na hununua divai kwa mkulima mwenyewe. Wakulima wa huko hawakufunga vijia. Walivitengeneza ili mgeni apite pasipo kuharibu ukuta.

Sisi hatuna divai. Hata zabibu za jirani zetu wa Dodoma, Tanzania, ambako nchi ni kame kama yetu, hatujazilima kama wao. Lakini tuna maembe na machungwa. Yeyote aliyepanda vilima vya Mbooni au Nzaui wakati maembe yameiva ajua kwamba hatuna haja ya kumwonea mtu wivu. Mgeni aliyekimbia kilima kizima atahitaji maji, na embe baridi la kivulini atalilipia kwa furaha. Ila biashara hiyo haiwezi kuja pahali ambapo kila njia imefungwa kwa miiba.

Na wezi wa maembe je? Na ng'ombe? Kwa ng'ombe, weka mlango mwembamba wa magogo uliopinda, ambao mtu hupita na ng'ombe hukwama. Kwa wezi, nimeona kwamba njia inayopitwa na majirani asubuhi na jioni ina macho mengi. Mwizi hupenda shamba lisilopitwa na mtu. Na kama njia yenyewe imechorwa katika ramani ya mashamba, kumbuka kwamba si yako wala si yangu. Kuifunga ni kujitafutia kesi.

Basi naomba jambo moja. Kabla ya mvua zijazo, tembea njia inayopita shambani kwako, kutoka juu hadi chini. Kila unapoona maji yamefuata miguu, simama, weka alama. Kisha mwite jirani wa juu na jirani wa chini, maana njia haiwezi kutengenezwa na mtu mmoja, na uamue nao itapita wapi. Ukishindwa kupima, muulize afisa wa kilimo. Kazi ya kupima matuta na ya kupima njia ni moja.

Mji wetu waitwa Wote. Njia zetu nazo ziwe za wote, ila maji yasiwe miongoni mwao.